Joho la Mwindaji wa Mande: Kutoka Mwilini hadi Ukutani

Vitabu vingi vya historia ya sanaa hueleza kwamba ufundi wa kuunganisha vitu mbalimbali katika kazi moja ulianza Paris mwaka 1912, pale Picasso na Braque walipobandika vitambaa na karatasi juu ya picha zao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa upande wa Mali, chimbuko la ufundi huo hatuna budi kulitafuta kwingine, yaani katika joho la mwindaji.

Miongoni mwa watu wa Mande, wawindaji (donso) wana chama chao, chenye mafunzo na siri zake. Kwa itikadi yao, mnyama auawapo huachilia nguvu iitwayo nyama (neno hili lisichanganywe na lile la Kiswahili), ambayo yaweza kumdhuru aliyemwua. Kwa hiyo joho ni kinga kabla ya kuwa pambo. Pamba hufumwa kwa vipande vyembamba, vikashonwa pamoja na kutiwa rangi ya majani, magome na udongo. Ufumaji wenyewe ni wa kale: vitambaa vya Watellem vilivyohifadhiwa katika mapango ya Bandiagara vinaanzia karne ya 11. Juu ya kitambaa hicho hushonewa hirizi za ngozi, pembe, kucha, kauri na vioo. Baadhi ya hirizi hufichwa ndani yake maandishi ya Kurani, hata dini mbili zikakutana katika vazi moja. Joho la mwanafunzi ni jepesi. La mkongwe huwa zito kwa mambo aliyoyatenda. Ajuaye hulisoma kama tusomavyo kitabu.

Abdoulaye Konaté, aliyezaliwa Diré mwaka 1953 na kusomea sanaa Bamako na Havana, ndiye aliyelipeleka joho hilo ukutani. Kazi yake Hommage aux chasseurs du Mandé ya mwaka 1994 ni kitambaa kikubwa kilichojaa vifundo mithili ya hirizi. Mwaka 1996 alipewa Tuzo Kuu ya Léopold Sédar Senghor katika maonyesho ya Dak'Art, mjini Dakar. Mwaka 2007, huko Kassel, Ujerumani, ilionyeshwa kazi yake Gris-gris pour Israël et la Palestine, ambamo lugha ileile ya hirizi ilielekezwa kwenye vita vya ugenini.

Yupo atakayepinga kwamba vazi likiondolewa mwilini limekufa. Hoja hiyo ina uzito mbele ya makumbusho ya Ulaya, ambamo vitu vitakatifu vya Afrika vimewekwa mbali na wenyewe. Lakini Konaté hakumvua mwindaji yeyote joho lake. Alichochukua ni kanuni ya utungaji: kuongeza kitu juu ya kitu mpaka wingi wenyewe uwe na maana. Siri ilibaki kwa wenyewe. Umbo ndilo lililotufikia sisi.

Hata hivyo, heshima aliyoitoa msanii haikulifunga vazi katika maana moja. Tarehe 23 Machi 2019, kijiji cha Wafulani cha Ogossagou, katikati ya Mali, kilishambuliwa na watu zaidi ya 150 wakauawa. Walionusurika walisema washambuliaji walivaa mavazi ya wawindaji wa Kidogoni. Kwao, vazi lililokuwa kinga likawa tishio.

Basi, mwanahistoria asitosheke kuuliza vazi lilishonwa lini. Aulize pia nani amelivaa, dhidi ya nani, na nani ameongeza nini juu yake. Mwindaji wa Mande huongeza hirizi, Konaté akaongeza kifundo cha kitambaa, na vita vikaongeza damu. Yote matatu yamo katika historia ya joho hilo, nasi hatuna ruhusa ya kusoma moja na kuyaacha mengine.