Kuvu ya Kyoto, kemisti ya Kondele

Mwaka 1973 Mjapani Akira Endo, akishapima maelfu ya kuvu, alipata alichotafuta kwenye kuvu iliyoota katika mchele wa duka moja Kyoto: kitu kinachozuia ini kutengeneza kolesteroli. Mwaka 1987 Marekani ikaidhinisha lovastatini, dawa ya kwanza ya ukoo huo kuuzwa. Simvastatini ikafuata.

Huku Kisumu, hadithi ilikutana na nyingine. ARV zilipoanza kutolewa bure hospitali za serikali mwaka 2006, watu waliokuwa wamechimbiwa kaburi midomoni mwa majirani walipona, wakazeeka, wakapata presha na kolesteroli kama wazee wengine. Sasa ritonaviri, iliyomo kwenye baadhi ya ARV, hufunga njia ambayo ini hutumia kuondoa simvastatini. Dozi ya kawaida inajaa mwilini. Misuli inauma, inavunjika, mkojo unakuwa rangi ya strungi, figo zinaumia. (Dolutegraviri, ambayo wengi wanameza leo, haina ugomvi huo.)

Na aibu ndiyo inayoficha. Shangazi ananunua ya kolesteroli kemisti ya Kondele, zile za kliniki ziko chini ya leso kwenye mkoba. Si lazima ataje ugonjwa mbele ya foleni. Akisukuma pakiti zote mbili kaunta, mfamasia ataelewa, na daktari anaweza kumwandikia pravastatini, ambayo mwili huiondoa kwa njia nyingine.