Risasi Kwenye Petroli

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili: risasi ya bunduki, na risasi ile metali nzito ya kijivu iliyo ndani ya betri ya gari. Ya bunduki kila mtu anaiogopa. Ya pili ilikaa kwenye petroli kwa karibu miaka mia moja, na mmoja wa waliotufumbua macho alianza akiwa mwanafunzi wa PhD ambaye hesabu zake zilikataa kutulia.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo stori za watafiti wanaookoa dunia huzisoma nikiwa nimekunja uso. Nyingi ni matangazo ya kutafuta walipa karo. Ya Clair Patterson ni tofauti.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika Chuo Kikuu cha Chicago, msimamizi wake Harrison Brown alimpa kazi ya kupima risasi iliyo ndani ya zirkoni, madini madogo kama punje za mchanga. Mwenzake George Tilton angepima urani. Urani hubadilika polepole ikawa risasi, kwa hivyo ukijua kiasi cha zote mbili unaweza kukadiria umri wa jiwe, na hatimaye wa dunia yenyewe. Vipimo vya Tilton vilikubali. Vya Patterson vilileta risasi nyingi kupita kiasi, kila mara.

Wengi wetu tungelaumu mashine tuende zetu. Yeye akaanza kuisaka inakotoka. Ilikuwa kwenye maji, kwenye vyombo vya kioo, kwenye vumbi, hata kwenye nywele. Akasugua, akasafisha vyombo kwa asidi, akarudia. Alipata PhD 1951, akaenda California kujenga maabara safi zaidi, na 1956 akachapisha umri wa dunia: miaka bilioni 4.55. Hiyo peke yake ingemtosha kuingia vitabuni.

Lakini lile vumbi lilimsumbua. Akapima maji ya bahari, akapima theluji ya Greenland, ya kale na ya juzi. Njia ikamrudisha kwenye matangi ya magari. Tangu 1923 kampuni za Marekani ziliuza petroli yenye risasi ili injini isigonge, na dawa hiyo wakaiita Ethyl. Neno risasi halikutajwa. Mwaka 1924 wafanyakazi watano walikufa katika kiwanda kimoja New Jersey, na biashara ikaendelea. Wataalamu wa sekta walisema risasi mwilini ni kitu cha kawaida. Mwaka 1965 Patterson akajibu kwamba cha kawaida si lazima kiwe cha asili. Pesa za utafiti kutoka kwa watu wa mafuta zikakauka. Kamati ya kitaifa ya kuchunguza risasi hewani ya 1971 ikaundwa bila yeye.

Alifariki Desemba 1995, wiki chache kabla ya Marekani kuipiga marufuku kabisa kwenye magari ya barabarani.

Huku kwetu ilichukua muda zaidi. Afrika kusini mwa Sahara iliahidi kule Dakar mwaka 2001, ikaachana nayo mwanzoni mwa 2006. Kama ulizaliwa Nairobi miaka ya tisini, piga hesabu: ile moshi ya matatu uliyovuta ukienda nasari ilikuwa nayo. Algeria ilimaliza mwisho, 2021, na tangazo likatoka kwa UNEP, hapa Gigiri.

Petroli imesafishwa, betri bado. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga risasi katikati ya makazi ya watu. Wakazi walienda kortini, na 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Miongoni mwa silaha zao kulikuwa na karatasi za hospitali: kiasi cha risasi kwenye damu ya watoto wao.