Akili bandia na kikohozi cha jirani

Ndugu wahitimu, mimi ni wa kilimo, si munganga. Ila huku Kasha jirani yangu amekohoa mwezi mzima, nikajiuliza: akili bandia inaweza kumusaidia?

Jambo hili si la leo. Miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitengeneza MYCIN, programu ya kushauri dawa za maambukizi. Majaribioni ilifikia wataalamu, lakini haikuingia kazini hospitalini. Mwaka 2021 OMS ilikubali programu zisome picha za mapafu kutafuta kifua kikuu, kuanzia miaka 15. Hata hivyo, programu inashuku tu; makohozi lazima yapimwe.

Basi tudai kwanza mashine ya picha na umeme. Jirani nimemusindikiza kituo cha afya leo asubuhi, kwa miguu.