Keezo na Utawala wa Mwendo: Kutoka Uta hadi Umeme

Kukereza mti ni ufundi wa zamani katika Afrika ya Mashariki. Huko pwani mafundi walikereza matendegu ya vitanda na vijiti vya viti kwa keezo ya kamba. Kamba ilizungushwa mtini, ikavutwa huku na huku kwa uta au kwa mkono wa msaidizi, na patasi ikakata pale tu mti ulipozunguka kumwelekea fundi. Nusu ya mwendo ilikwenda bure. Walakini keezo ile ilikuwa na fadhila moja kubwa, nayo ni kwamba mwendo wake ulikuwa chini ya amri ya mwanadamu. Kifundo kilipotishia kupasua gogo, kamba ilivutwa polepole. Wakati wa kulainisha ulipowadia, ilivutwa upesi. Baadaye keezo ilipata nguvu nyingi lakini fundi akapungukiwa na amri hiyo. Jinsi anavyoirudisha leo ni jambo la kutazamwa vyema katika nchi ya Shinyanga na Geita, ambako mashine kubwa na kazi ya mikono zimekaa jirani kwa miaka mingi.

Katika nchi hiyo seremala wa asili alitegemea tezo zaidi. Kwa tezo alipata vigoda, vinu na mipini ya majembe. Na upande wa magharibi Warongo waliyeyusha chuma wakafua majembe yenyewe. Kwa hiyo ufundi haukuwa mgeni. Kilichokuwa kigeni ni nguvu ya mota, nayo iliingia pamoja na migodi. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, ukafunguliwa upya mwaka 2000. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada. Migodi ilijizalishia umeme wake na kuendesha karakana zake, ambamo vyuma vilikerezwa kwa mashine. Nje ya ua vijiji viliwasha vibatari. Hali ya vijijini ilianza kubadilika kwa upana baada ya sheria ya mwaka 2005 iliyounda Wakala wa Nishati Vijijini, na seremala mdogo akaweza kufunga mota katika kibanda chake.

Mota iliyoenea sana ina asili yake katika kazi za Nikola Tesla, aliyepata hataza mwaka 1888, na Michael Dolivo-Dobrovolsky, aliyeunda mota ya fezi tatu mwaka 1889. Ni mota imara na yenye matengenezo machache, lakini mwendo wake umefungwa na mtetemo wa umeme. Tanzania umeme hutetemeka mara 50 kwa sekunde; basi mota ya ncha nne huzunguka karibu mara 1,440 kwa dakika, fundi apende asipende.

Hesabu ndogo huonyesha ubaya wa kifungo hicho. Tendegu lenye kipenyo cha sentimita 5 likizungushwa mara 1,440 kwa dakika, uso wake hupita mbele ya patasi kwa karibu mita 4 kwa sekunde. Bakuli la sentimita 30 kwa mzunguko ule ule hupita kwa mita 22 na zaidi. Mwendo unaolifaa tendegu huweza kulirusha bakuli usoni mwa fundi, hasa likiwa bado halijasawazika. Dawa ya kwanza ilikuwa makapi yenye ngazi: fundi husimamisha mashine, huhamisha mkanda, kisha huanza tena. Dawa hiyo yafaa, ila humpa kasi tatu au nne tu, na kuhamisha mkanda kila mara huchosha.

Dawa ya pili ilitoka katika elimu ya elektroniki. Mwaka 1957 ilivumbuliwa thairista, swichi isiyo na kiungo kinachosogea. Na mwaka 1968 kampuni ya Danfoss ya Denmark ilianza kutengeneza kwa wingi chombo cha kubadili mtetemo wa umeme. Chombo hiki, kiitwacho inveta, hugeuza umeme wa kawaida kuwa wa mkondo mmoja, kisha huuunda upya kwa mtetemo autakao fundi. Mtetemo ukiwa 25, mota huzunguka karibu nusu ya kasi yake. Tena ziko inveta ndogo zinazopokea umeme wa fezi moja, ule wa nyumbani, na kuendesha mota ya fezi tatu, mradi mota hiyo iungwe kwa volti zinazolingana na za inveta.

Hata hivyo chombo hiki kina masharti. Mota ya fezi moja yenye kapasita haikubaliani nacho kwa kawaida. Feni iliyo katika mhimili wa mota hupoa kazi yake mwendo ukipungua, na mota huweza kuungua. Tena nguvu hushuka pamoja na kasi. Kwa hiyo fundi mwenye busara hayatupi makapi yake, bali huyatumia kwa kazi nzito na kuiachia inveta marekebisho madogo. Vumbi la mbao nalo lizuiwe lisiingie ndani ya chombo.

Faida yake haiishi kwa fundi. Shinyanga ilipoteza misitu mingi kwa ufyekaji uliokusudiwa kuwafukuza mbung'o, kwa mashamba ya pamba na kwa kuni. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliwasaidia wananchi kurudisha ngitili, yaani malisho na miti iliyotengwa kwa desturi ya Wasukuma. Mahali ambapo mti umerudishwa kwa jasho, gogo la mninga lililopasuka kwa mwendo usiofaa ni hasara ya miaka mingi ya kukua. Anayeikuza keezo yake kwa mota ya mwendo wa kubadilika huokoa vidole vyake na mti pia, na hurudishiwa amri ile aliyokuwa nayo mvuta kamba wa pwani, pamoja na nguvu ambayo mvuta kamba hakuipata.