Wanuba na Shamba la Mbali

Katika nchi ya Sudani, upande wa kusini wa Kordofani, iko milima mingi ya mawe iliyotawanyika juu ya nchi tambarare kama visiwa baharini. Mlima mmoja hapa, mwingine kule, na kati yake ni bonde pana lenye udongo mweusi wenye rutuba. Milima hiyo si mirefu kama Kilimanjaro, wala haina theluji; lakini mawe yake ni makubwa, na mapango yake ni mengi, na mtu asiyezaliwa huko hawezi kuipanda upesi. Wakaao humo huitwa Wanuba. Jina ni moja, lakini watu ni wa namna nyingi. Lugha zao zapita arobaini, na katika ukoo mmoja waweza kumkuta baba Mwislamu, mwana Mkristo, na bibi ashikaye mila za wazee, nao wote hula pamoja.

Habari za vita mara nyingi huandikwa kwa majina ya majemadari. Mimi nataka kueleza habari za mama, mzee na mtoto wa milima hiyo: walihitaji nini wakati wa vita, na kwa nini hawakukipata.

Kwanza yatupasa kujua jinsi Mnuba apatavyo chakula chake. Nadel, mtaalamu aliyekaa kwao akatoa kitabu juu yao mwaka 1947, alieleza kwamba Mnuba ana mashamba ya namna tatu. La kwanza ni shamba dogo karibu na nyumba, lenye mazao ya kuivisha mapema. La pili liko ubavuni mwa mlima, ambapo wazee walipanga kuta za mawe, ngazi juu ya ngazi, ili mvua isichukue udongo. La tatu ni shamba la mbali, chini tambarare, na hilo ndilo kubwa. Hapo hupandwa mtama mwingi wa kujaza ghala, na ufuta. Mchaga atalifahamu jambo hili bila kuelezwa sana, kwa kuwa yeye naye ana kihamba chake mlimani na shamba lake la nafaka chini. Basi na tulishike neno hili: mlima humficha Mnuba, lakini shamba la mbali ndilo limlishalo.

Mwaka 1821 majeshi ya Muhammad Ali, mtawala wa Misri, yaliiteka Kordofani. Mtawala huyo alitaka dhahabu, tena alitaka watumwa wa kuwafanya askari. Tangu hapo watu wa milimani wakawindwa mwaka baada ya mwaka. Walipoona vumbi la farasi walipanda juu, wakaingia mapangoni. Nao wawindaji walijua kwamba kupanda ni hatari, kwa hiyo mara nyingine walizuia visima vilivyo chini, wakangoja kiu iwashushe watu. Hivyo njia ya kumshinda mtu wa mlimani ilijulikana zamani sana, nayo ilikuwa kumfungia mlango wa chini.

Katika karne ya 20, amani ilipotulia, wengi wakashuka, wakajenga karibu na mabonde. Lakini baadaye udongo ule mweusi ukatamaniwa na wengine. Tangu mwaka 1968 serikali ya Sudani iliunda shirika la kilimo cha mashine, na eneo kubwa la tambarare, kama kule Habila, likagawiwa kwa watu wenye matrekta, ambao wengi wao walikuwa wafanya biashara wa mbali. Wazee waliolima huko wakaambiwa kwamba hawana hati. Shamba la mbali lilianza kupotea hata kabla ya bunduki kulia, na jambo hilo lilikuwa sababu mojawapo kubwa ya vijana kuingia katika uasi.

Mwaka 1985 vita vya Sudani ya Kusini vikafika milimani. Serikali ikawapa silaha wafugaji wa tambarare, ili wawe kama jeshi. Vijiji vikachomwa na ng'ombe wakachukuliwa. Watu wakapanda tena mlimani kama babu zao walivyofanya. Wengine walikamatwa au wakashuka kwa njaa, wakawekwa katika makambi yaliyoitwa kambi za amani, ambamo wengi hawakuiona hiyo amani. Wala tusidhani kwamba Wanuba wote walikuwa upande mmoja, maana wengi walikuwa askari wa serikali, na ndugu walipigana na ndugu.

Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipatana na serikali na waasi kwamba chakula kipelekwe kwa raia wa pande zote mbili. Ndege zikaanza kuruka kutoka Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, zikawaokoa watu wengi wa Kusini. Lakini Wanuba wa upande wa waasi hawakupata kitu. Kwa nini? Kwa sababu milima yao, kwa mipaka ya ramani, imo katika Sudani ya Kaskazini, na mapatano yalihusu Kusini. Serikali ilikataa ndege zisishuke huko, na wakubwa wa ulimwengu wakakubali. Mtoto wa Kinuba alikuwa na njaa ile ile ya mtoto wa Kusini. Tofauti yao ilikuwa ni mstari tu katika karatasi.

Miaka ya 1991 hata 1993 ilikuwa migumu kupita yote. Shamba la mbali halikulimika, na soko lilifungwa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba binadamu hahitaji nafaka peke yake. Chumvi ilikwisha, na watu wakatembea kwa hatari kuitafuta. Sabuni ilikwisha. Nguo zikachakaa, hata wengine wakaona haya kutoka mbele ya wageni. Dawa hazikuwapo, na majembe yakavunjika pasipo mengine. Mwaka 1992 wakuu wa dini wa upande wa serikali walitangaza huko El Obeid kwamba vita hivyo ni jihadi, hata juu ya Waislamu waliokuwa pamoja na waasi. Mwaka huo huo Yusuf Kuwa Mekki, mkuu wa waasi, ambaye alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kushika silaha, aliita baraza la wajumbe akawauliza kama waendelee au waache. Wakashauriana siku kadhaa, wakaamua kuendelea. Wazee husema, njaa mwana malegeza. Lakini mara hii haikuwalegeza.

Baadaye mashirika machache yalithubutu kukodi ndege ndogo kutoka Kenya, zikashuka kwa siri pasipo ruhusa ya Khartoum. Zilileta kidogo tu, chumvi, mbegu, dawa na vitabu. Lakini hicho kidogo kilikuwa kikubwa kwao waliosahauliwa.

Mimi ni mwalimu, na habari moja hainitoki moyoni. Tarehe 8 Februari 2000, ndege ya serikali aina ya Antonov iliangusha mabomu juu ya shule ya Msalaba Mtakatifu huko Kauda, saa ya masomo. Wanafunzi zaidi ya kumi waliuawa pamoja na mwalimu wao. Shule hiyo haikuwa na silaha.

Mwezi wa Januari 2002, huko Bürgenstock katika Uswisi, pande zote mbili zilitia sahihi mapatano ya kusimamisha vita milimani, na wasimamizi kutoka nchi za nje wakaja kuyalinda. Tazama yaliyofuata: barabara zikafunguka, wachuuzi wakarudi na chumvi na nguo, na watu wakaanza kushuka mashambani. Mapatano makubwa yaliyotiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005 yaliwapa watu wa Kusini haki ya kujiamulia kwa kura, lakini Wanuba waliahidiwa kuulizwa shauri tu. Ahadi hiyo haikutimizwa.

Mwezi wa Juni 2011 vita vikazuka tena Kadugli. Angalieni mwezi huo: ndio mwezi wa kupanda. Ndege zikarudi, na watu wakachimba mahandaki kando ya nyumba na kurudi mapangoni. Wengi waliogopa kwenda shamba la mbali, kwa kuwa hakuna mahali pa kujificha tambarare. Wakalima vipande vidogo karibu na mawe. Makumi ya maelfu walikimbilia Yida, katika Sudani ya Kusini. Hospitali ya Mama wa Huruma huko Gidel, iliyojengwa na jimbo la Kanisa Katoliki la El Obeid, ilipokea majeruhi na wagonjwa, nayo pia ilipigwa mabomu mwaka 2014. Mwaka huo surua ilienea kati ya watoto wasiochanjwa.

Je, chanjo ilikosekana duniani? La, haikukosekana. Mwaka 2012 Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika na Umoja wa Nchi za Kiarabu walileta shauri la kufungua njia ya msaada. Pande zote zikakubali kwa maneno, lakini halikutendeka. Mwaka 2016 Marekani ilitaka kupeleka dawa yenyewe, na safari hii wakuu wa waasi ndio waliokataa, wakidai kwamba sehemu ya msaada ipite Ethiopia pasipo mkono wa serikali. Walikuwa na sababu ya kuogopa. Lakini mtoto mwenye surua hangoji wakubwa wamalize mashindano yao.

Silaha zilipotulia tangu mwaka 2016, na Waziri Mkuu Abdalla Hamdok alipofika Kauda mwezi wa Januari 2020, watu walitumaini. Lakini tarehe 15 Aprili 2023 jeshi la Sudani na Vikosi vya Msaada wa Haraka wakaanza kupigana Khartoum. Watu wengi waliokimbia wakaja milimani, nao wenyeji wakagawana nao akiba iliyokuwa haiwatoshi wenyewe. Mwezi wa Desemba 2024 wataalamu wa kupima njaa wakathibitisha kwamba baa la njaa limefika sehemu za magharibi ya milima hiyo. Mwezi wa Februari 2025, mjini Nairobi, waasi wa milimani wakaungana na Vikosi vya Msaada wa Haraka. Na mwezi wa Novemba mwaka huo baa la njaa likathibitishwa Kadugli, mji uliokuwa umezingirwa.

Tukizitazama habari hizi tangu mwaka 1821, twaona kwamba njaa ya Wanuba haikutoka mbinguni. Mvua ilinyesha miaka mingi, na udongo ulikuwa pale pale. Kila mara mtu alisimama katikati ya mlima na shamba, akashika silaha, au hati, au kalamu ya kuandika ruhusa. Kwa hiyo anayetaka kuwasaidia watu wa namna hii asihesabu magunia peke yake. Gunia huliwa likaisha. Na aulize kwanza, njia imefungwa na nani? Na mbegu zitafika kabla ya mwezi wa Juni? Na mtoto apate chanjo na shule bila kuulizwa mlima wake u upande gani wa mstari.

Mlima umewatunza Wanuba miaka mia mbili, na wao wanaushukuru. Lakini hakuna mtu aliyeumbwa akae pangoni. Siku mama wa Kinuba atakapoamka asubuhi, akatwaa jembe lake, akashuka kwenda shamba la mbali, na jioni akarudi na watoto wake wote, siku hiyo tutasema kwamba vita vimekwisha.