Kichwa cha Treni Juu ya Meza ya Fundi

Wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, zimepitiwa na reli za upana wa aina tatu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa mwaka 1976, ina milimita 1,067 na inakatiza Kisarawe upande wa Mzenga. SGR, reli mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ina milimita 1,435. Tumezoea kuzisoma reli hizi kama sura tatu za siasa: ukoloni, ukombozi, maendeleo. Usomaji huo una ukweli wake, lakini unaacha nje kitu kilichotawala maisha ya reli hizo kila siku kuliko hotuba yoyote, nacho ni vipimo: mwinuko wa kilima, umbali wa maji, uzito ambao reli inaweza kuhimili. Hoja yangu ni kwamba njia bora ya kuvirudisha vipimo katika historia yetu ni kazi ambayo wengi huiona mchezo, yaani kujenga kwa mkono modeli ya kichwa cha treni cha mvuke, pamoja na njia yake, kwa uwiano usiodanganya.

Mwandishi wa kitabu anaweza kutuambia kwamba kampuni ya Philipp Holzmann ilifikisha reli Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, kisha akafunga ukurasa. Anayejenga modeli hana ruhusa hiyo. Lazima ajue njia inapandaje kutoka ukanda wa pwani hadi vilima vya Pugu, kwa sababu mteremko akiukosea, kichwa chake hakitavuta mabehewa hata juu ya meza. Lazima aulize injini ilinywa maji wapi, maana injini ya mvuke isipopata maji husimama hata kama tanuri limejaa kuni. Hapo anaanza kuelewa kwa nini bonde la Mto Ruvu, wilayani Kibaha, lilikuwa na uzito mkubwa katika safari hiyo. Mto huohuo ndio unaolisha mtambo wa Ruvu Juu, unaopeleka maji Dar es Salaam tangu 1959. Ruvu pia ndipo ilipoanzia njia ya kwenda Mnyusi, iliyofunguliwa mwaka 1963 na kuiunganisha Reli ya Kati na ile ya Tanga kwa mara ya kwanza. Anayepanga meza yake vizuri ataona kwamba Ruvu ilikuwa njia panda ya nchi, jambo ambalo abiria wa leo anayepita kasi dirishani hawezi kuliona.

Kuna anayeweza kusema kwamba hayo yamepita na SGR imefuta kila kitu. Ushahidi uko kinyume. Vituo vya SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro vinaitwa Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere, majina yaleyale ya Reli ya Kati. Treni ya umeme haihitaji maji njiani, kwa hiyo maji peke yake hayaelezi mfanano huo. Kinachoueleza ni umbo la ardhi, pamoja na makazi yaliyokwisha kuota kando ya reli ya kwanza. Wahandisi wa 2017 walikuwa na mashine ambazo wenzao wa 1905 hawakuziota, lakini walikuta vilima vilevile vya kupanda na bonde lilelile la kuvuka.

Kichwa kinachostahili kuwekwa kwanza mezani ni cha daraja la 30 la Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kilichoundwa na North British Locomotive ya Glasgow katikati ya miaka ya 1950. Kina magurudumu mawili ya mbele, manane ya kuvutia na manne ya nyuma, na tenda yake, lile behewa la maji na mafuta linalofuata injini, ni kubwa kuliko ya ndugu yake wa daraja la 29. Ukubwa huo una sababu: bara la Tanganyika lilikuwa na sehemu ndefu zenye maji machache. Fundi anayekata bati la tenda hiyo anakata habari za ukame wa Tanganyika ya kati. Vichwa hivi vilipewa majina ya makabila, na namba 3020, iitwayo Nyaturu kwa heshima ya watu wa Singida, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Humohumo limo jitu la daraja la 59 lenye namba 5918, liitwalo Mount Gelai, ambao ni mlima wa Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mali zikagawanywa, na leo Mtanzania anayetaka kuviona vyuma hivyo vyenye majina ya kwao lazima avuke mpaka. Haiwezekani kuvihamisha. Inawezekana kuvipima.

Kupima kwenyewe kunafundisha. Uwiano unaopendwa zaidi duniani ni wa 1 kwa 87. Kwa uwiano huo SGR inakuwa na upana wa milimita 16.5, Reli ya Kati milimita 11.5, na TAZARA 12.3. Tofauti ya hizi mbili za mwisho inabaki chini ya milimita moja, na ndiyo maana wauzaji wa modeli hutumia njia moja ya milimita 12 kwa zote mbili. Lakini katika nchi halisi tofauti hiyo ya milimita 67 ilitosha kuzuia behewa la TAZARA lisiingie Reli ya Kati, hata ikabidi kijengwe kituo cha kuhamishia mizigo Kidatu, mkoani Morogoro. Meza ya 1 kwa 87 ingeifuta gharama hiyo machoni. Kwa uwiano wa 1 kwa 22.5 tofauti inafika milimita 3, jicho linaiona na kidole kinaigusa. Kwa wilaya hizi, basi, uwiano mkubwa ndio mkweli, ingawa unakula nafasi na fedha.

Watakaosema hivi ni vitu vya watoto wakumbuke kwamba modeli ilitangulia reli yenyewe. William Murdoch aliendesha modeli yake ya gari la mvuke Cornwall, Uingereza, mwaka 1784, kabla ya reli yoyote ya mvuke. Japani inatufaa zaidi. Mwaka 1854 Wamarekani walifika huko na treni ndogo ya robo kipimo. Mwaka uliofuata Tanaka Hisashige na wenzake wa Saga waliunda modeli yao ya injini ya mvuke. Reli halisi ya kwanza ya Japani ilifunguliwa mwaka 1872, kwa upana wa milimita 1,067, uleule wa TAZARA. Watu wale waliielewa mashine kwa kuiunda ndogo kabla ya kuimiliki kubwa.

Pingamizi zito zaidi ni la maadili: kwa nini tuirembe reli ya mkoloni? Reli ilianza Februari 1905, na kabla ya mwaka kwisha Vita vya Majimaji vilikuwa vimelipuka Umatumbini na kugusa Uzaramo, ambako Kibasila alikuwa miongoni mwa viongozi wa upinzani. Modeli yenye injini inayong'aa na tuta lisilo na watu ingekuwa uongo, na ningeipinga. Lakini kipimo kikifuatwa kwa haki humshtaki mkoloni. Kwa uwiano wa 1 kwa 22.5, mtu mzima ana urefu wa sentimita saba na nusu hivi. Weka sanamu za vibarua wenye majembe na vikapu chini ya tuta lililopimwa vizuri, na mtazamaji ataona kiasi cha udongo kilichobebwa kichwani. Aya za kitabu hazionyeshi hilo kwa nguvu hiyo.

Kuhusu gharama, njia za dukani na injini za umeme ni ghali kweli. Hata hivyo bati, waya wa shaba, mbao na risasi ya kulehemea vinapatikana, na watoto wetu wameunda magari ya makopo na waya vizazi kwa vizazi bila kiwanda. Shirika la Elimu Kibaha lina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kinachofundisha ufundi. Sioni mahali panapofaa zaidi kuanzia. Kinachokosekana ni vipimo, na hivyo vinapotea kila jengo la zamani la Reli ya Kati linapobomolewa na kila mstaafu wa reli anapozikwa. Basi mwenye mchoro, picha au kitabu cha kazi cha babu aliyekuwa dereva au fundi wa reli asikitupe. Na mwenye utepe wa kupimia aende Ruvu na Soga, aandike urefu na upana wa kila kilichobaki, sasa.