Babu hakuhukumiwa, alihamishwa: kutafuta ukoo wa watu waliotupwa mbali na Bula Matari

Ziko familia huku mashariki mwa Kongo zenye babu mmoja ambaye habari zake huishia njiani. Inajulikana kwamba alitoka mbali, labda Bas-Congo, labda Katanga. Inajulikana pia kwamba aliletwa na askari. Baada ya hapo wazee wananyamaza. Mjukuu akiendelea kuuliza, anajibiwa kwa kifupi tu: babu yako alikuwa mfungwa. Neno hilo hufunga mazungumzo, na watoto wanakua wakidhani kwamba ukoo wao ulianza na mwizi au muuaji.

Mara nyingi si kweli. Wengi wa watu hao hawakuiba wala hawakuua. Hata mbele ya hakimu hawakusimama.

Tarehe 5 Julai 1910 Wabelgiji walitoa dekreti iliyompa mkuu wa koloni uwezo wa kumwondoa Mkongomani yeyote mahali alipo, ikiwa mwenendo wake unahesabiwa kuwa unavuruga utulivu wa raia, na kumlazimisha kukaa mahali pengine. Hakukuwa na kesi, wala shahidi, wala mtetezi. Ripoti ya mkubwa wa wilaya na sahihi ya gavana vilitosha. Kwa Kifaransa adhabu hiyo iliitwa relégation, na aliyepewa aliitwa relégué. Maneno hayo mawili yafaa kukaririwa jinsi yalivyo, kwa sababu ndiyo yaliyoandikwa kwenye karatasi. Mtu anayetafuta babu yake kwa neno "mfungwa" anaweza kupekua majina ya gereza mwaka mzima bila kumwona.

Wanaojulikana zaidi kati ya wahamishwa hao ni wafuasi wa Simon Kimbangu. Kimbangu alianza kuhubiri na kuponya wagonjwa kijijini Nkamba mwezi wa Aprili 1921. Watu waliacha kazi wakamfuata, na serikali ikaogopa. Alikamatwa mwezi wa Septemba, akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Thysville, yaani Mbanza-Ngungu ya leo, na tarehe 3 Oktoba akahukumiwa kufa. Mfalme Albert alibadilisha hukumu ikawa kifungo cha maisha. Kimbangu alipelekwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani miaka 30 mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951.

Hapa pana jambo ambalo familia nyingi hazilitambui. Kimbangu alikuwa na hukumu. Ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa hukumu, imeandikwa kwa tarehe na jina la mahakama. Ndiyo maana mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kijeshi ya Kongo iliweza kuifuta. Tangu 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa kwa heshima yake. Lakini mkulima wa Bas-Congo aliyekamatwa kwa kuimba nyimbo zake, akapakiwa kwenye meli pamoja na mke na watoto, hana hukumu ya kufutwa. Mahakama haiwezi kumsafisha mtu ambaye hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Jina lake limebaki lilivyo kwenye faili ya mkubwa wa wilaya: mtu wa hatari.

Safari yenyewe ilitosha kumtenga mtu na kwao. Mojawapo ya mahali walipopelekwa ni Lowa, kando ya mto Lualaba. Njia ya kufika huko kutoka Bas-Congo ilikuwa treni mpaka Léopoldville, kisha meli ya mto, karibu kilomita 1,700 mpaka Stanleyville. Hapo maporomoko yanazuia meli, kwa hiyo abiria walipanda treni nyingine ya kilomita 125 mpaka Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, halafu meli tena. Aliyeshuka Lowa hakusikia Kikongo sokoni. Aliwakuta Walengola na Wakumu, na Kiswahili ndiyo lugha ya kuelewana. Hakuhitaji kufungwa mnyororo. Umbali ndio uliokuwa ukuta.

Je, walikuwa wangapi? Kanisa la Kimbangu husema ni familia 37,000 tangu 1921. Wanahistoria waliohesabu karatasi za serikali wamelibishia hesabu hiyo, wakapata watu wachache zaidi. Ugomvi huo usimzuie mtu anayemtafuta mmoja. Kwa familia, mmoja ndiye hesabu nzima.

Wa Kimbangu hawakuwa peke yao. Kitawala, dini iliyovuka kutoka Rhodesia ya Kaskazini na kuenea kwa wafanyakazi wa migodi ya Katanga, ilileta wimbi jingine. Wahubiri wake walisema kwamba watu wote ni sawa, na kodi ya Bula Matari haitadumu. Walihamishwa, wakatawanywa katika mikoa mingine. Matokeo yake yangechekesha kama yasingeleta vilio: serikali iliyotaka kuizima Kitawala iliibeba kwa mikono yake yenyewe, kwa gharama yake, mpaka vijiji ambavyo havikuwahi kuisikia. Mwaka 1944 maasi yalilipuka upande wa Masisi na Lubutu chini ya Bushiri Lungundu, na baada ya maasi hayo ukaja ukamataji mwingine.

Katika miaka hiyo ya 1940 wakoloni waliona kwamba kumwacha mhamishwa akae huru kijijini ni kumpa wafuasi wapya. Wakaanzisha makambi ya kilimo kwa wale waliowaita hatari, kwa Kifaransa colonies agricoles pour relégués dangereux, kwa kifupi CARD. Ekafera ilikuwa Équateur, Kasaji Katanga, Oshwe na Belingo upande wa Mai-Ndombe ya leo. Watu walilima huko chini ya ulinzi, na wengine walikuwa na wake zao. Watoto walizaliwa humo. Mzee anayesema "nilizaliwa Kasaji" huenda ametaja kambi kwa jina lake, bila wajukuu kutambua amesema nini.

Uhamisho wa namna hii haukuanzia Kongo. Waingereza waliwapeleka wafungwa wapatao 162,000 Australia kati ya 1788 na 1868. Wachache kati yao walikuwa Waafrika: David Stuurman, mkuu wa Wakhoi wa Afrika Kusini, aliyetoroka mara mbili kisiwa cha Robben, alisafirishwa mpaka Sydney mwaka 1823, akafia huko 1830. Familia nyingi za Australia zilificha jambo hilo kwa vizazi. Hakuna aliyetaka kusema kwamba babu alikuja na pingu. Siku hizi wajukuu wanatafuta kwa bidii, na wanapata, kwa kuwa wale walihukumiwa mahakamani. Karatasi za Tasmania zinaeleza kosa, urefu wa mtu, rangi ya macho, mpaka makovu na michoro ya mwilini. Ndugu wa Stuurman nao hawakumsahau: mwaka 2017 walifanya ibada ya kuirudisha roho yake nyumbani, kwa sababu kaburi lake halikuweza kufikiwa tena.

Mjukuu wa mhamishwa wa Kongo hana karatasi nzuri kama hizo, lakini si kwamba hana kitu. Kuna amri ya gavana yenye jina la mtu, kijiji chake, usultani wake na mahali alipolazimishwa kukaa. Kuna ripoti za wilaya. Sehemu kubwa ya hazina hiyo ilichukuliwa Ubelgiji, na leo inahifadhiwa Brussels, ambako nyaraka za koloni zinahamishwa kutoka wizara ya mambo ya nje kwenda Hifadhi za Taifa za Ubelgiji. Kinshasa kuna INACO, taasisi ya taifa ya nyaraka. Karatasi zilizobaki katika ofisi za wilaya ndizo zilizoteseka zaidi. Vita vya 1964 viliunguza nyingi, na vita vya baada ya 1996 vikamaliza nyingine.

Shida ya kwanza ni majina. Karani aliandika alivyosikia. Mfaransa aliandika "ou" pale tunapoandika "u", Mflamandi akaandika "oe". Lualaba yenyewe imewahi kuandikwa Loualaba, sembuse jina la mtu maskini. Kisha miji ilibadilishwa majina, na mwaka 1972 Mobutu akakataza majina ya Kikristo, hivyo Joseph wa 1950 si Joseph tena katika karatasi za 1973. Tena kwa desturi zetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, jina la baba halishuki kama la Wazungu. Anayetafuta kwa jina moja tu hatafika mbali. Atafute jina pamoja na kijiji na mwaka. Na asisahau misioni: shule nyingi za zamani zilikuwa za mapadri na wapastori, na kitabu cha ubatizo kinaandika wazazi na wasimamizi wa mtoto.

Je, karatasi hizo zina faida gani kwa raia wa kawaida? Mfano upo. Watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mkongomani, wakanyang'anywa mama zao na kuwekwa kwa masista, walianza kwa kudai faili zao. Bunge la Ubelgiji liliwapitishia azimio mwaka 2018, serikali ikaomba msamaha 2019, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikaamua kwamba wanawake watano kati yao walitendewa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Faili zilikuwa mzizi wa yote hayo. Wajukuu wa wahamishwa bado hawajabisha hodi kwa nguvu namna hiyo.

Wengi wao hawatafuti malipo. Wanachotafuta ni kujibu swali wanaloulizwa kijijini kila shamba linapogombaniwa: ninyi ni wa wapi? Na hapo mila zenyewe zinagongana. Kwa Wakongo wa Bas-Congo, mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa Wakumu, na kwa Wahunde, Wanande na Washi, mtoto ni wa baba. Mhamishwa Mkongo akioa binti wa huku, wajomba wa binti watasema: mtoto huyu ni wa baba yake, aende kwao. Na kule kwa baba watasema: mtoto huyu ni wa mama yake. Pande zote mbili zinafuata mila bila ubaya wowote, na mtoto amebaki barabarani. Bula Matari hakujua alichofanya, au alijua na hakujali.

Kisheria jambo hilo ni jepesi. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inaangalia makabila na ardhi vilivyounda Kongo wakati wa uhuru, kwa hiyo mtoto huyo ni Mkongomani kwa baba na kwa mama. Lakini chifu anapogawa shamba hafungui kitabu cha sheria. Anauliza jina la babu. Familia yenye kuweza kusema "babu yetu aliletwa hapa kwa amri ya serikali mwaka fulani, hakuja kuvamia" inasimama tofauti na familia inayoinamisha kichwa.

Familia zilizo kambini leo zinalielewa swali hilo kuliko mtu yeyote. Kwenye orodha ya kugawa chakula huandikwa jina la mkubwa wa nyumba na idadi ya watu wake. Kijiji walichokimbia, jina la bibi, mto waliovuka, hayo hayaandikwi. Hakuna anayezuia yaandikwe kwenye daftari la shule la mtoto.

Wazee waliozaliwa Lowa au Kasaji miaka ya 1940 na 1950 bado wapo, lakini wanapungua. Akiwepo mmoja, asiulizwe kwanza kuhusu kosa la baba yake. Aulizwe walishuka kwenye meli gani, padri au pastori alikuwa nani, nani alikuwa jirani. Asikilizwe pia maneno yake jikoni. Bibi anayesema saka-saka pale majirani wanaposema sombe, au nguba pale wanaposema karanga, anaonyesha njia ya kwenda magharibi. Na kama anakumbuka luvila, jina la ukoo ambalo Wakongo hufundishana tangu utoto, basi liandikwe siku hiyohiyo. Hata likiwa ni luvila la babu, ambalo kwa mila halimshukii mjukuu wa upande wa kiume, Wakongo wanaheshimu pia upande wa baba, wanaouita kitata. Mzee wa Mbanza-Ngungu akisikia luvila hilo, ataanza yeye mwenyewe kuuliza maswali.